Mhariri, ile "tu" ya msibani imenikaa kooni

Mheshimiwa Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, niko hapa Tanga mjini, Ngamiani, natengeneza baiskeli, na kabla ya baiskeli nilikuwa askari wa JWTZ nikatoka na V zangu mbili za ukoplo, kwa hiyo usije ukadhani anayekuandikia ni mtu mkubwa. Sijawahi kuandika barua gazetini. Ila hili jambo wiki ya tatu sasa limenikaa kooni kama mwiba wa changu, nikimeza mate nalisikia.

Tulimzika mzee wetu mmoja kule Muheza. Jina silitaji maana familia haijaniruhusu, lakini waliokuwa naye wakisoma hapa watamjua tu. Miaka ya 1980 huyu ndo alikuwa sajini meja wa kombania yangu. Msiba ulijaa, watu walitoka Korogwe, Pangani, hadi Dar, na wengi wao ukiwaangalia wanavyosimama unajua hawa walipita kwata. Sasa kijana mmoja msomi akapewa kusoma wasifu, akasoma vizuri tu, kuzaliwa, shule ya misheni, ndoa, watoto, alipofika jeshini akasema, "Marehemu alilitumikia jeshi kwa miaka mingi lakini hakubahatika kupanda sana, alistaafu akiwa afisa mteule daraja la pili tu." Halafu akaendelea na habari za shamba la machungwa.

Tu! Mwenzangu niliyekaa naye chini ya mwembe, naye wa kombania ileile, akanigeukia akasema, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Hatukusema kitu, msibani hapagombwi, tukanywa chai yetu tukapanda gari tukarudi mjini kimya kama tumegombana sisi.

Simlaumu yule kijana, maana hata hapa barazani kwetu ndo hivohivo, kwa watu jeshi ni nyota za begani za maafisa. Ukiwa na nyota umefika, ukiwa na V we ni mlinzi wa geti. Na vijana waliopita JKT kwa mujibu wa sheria, hawa walioanza kwenda tena mwaka 2013 baada ya mpango kusimama tangu 1994, ukiwauliza sajini meja ni nani watakwambia ni yule mzee wa kupiga kelele na kurusha watu kichura. Yani miezi yote ile Maramba au Mgambo wamerudi na kelele tu, basi. Sasa naomba nafasi kidogo nieleze, na kama barua ni ndefu kata pengine ila usikate habari ya mti.

Kombania, kwa asiyejua, ni watu mia na zaidi kidogo. Ina platuni tatu, kila platuni ina watu kama 30, na platuni nayo ina sekisheni zake tatu. Juu kuna kamanda wa kombania ambaye kwa kawaida ni meja, ana msaidizi wake kapteni, na kila platuni ina luteni wake. Hao ndo wenye nyota na kamisheni ya Rais. Sasa teremka upande wa pili, kila sekisheni ina koplo, kila platuni ina sajini, kuna sajinitaji wa stoo anayeshika chakula, sare, buti na mablanketi, na juu ya hao wote wasio na kamisheni anakaa mtu mmoja anaitwa sajini meja wa kombania, ambaye cheo chake ndo hicho afisa mteule daraja la pili alichosomewa marehemu kwa "tu". Huyu hajatoka Monduli, chuo cha maafisa. Huyu ametoka chini kabisa, kuruta, private, koplo usu, koplo, sajini, sajinitaji, kila ngazi amelala nayo. Kumpata mmoja inachukua miaka 15 mpaka 20. Luteni unampata kwa kozi.

Na maafisa wanapita. Leo meja yupo, kesho kaitwa kozi, keshokutwa kahamishiwa makao makuu, na sajini meja naye anahamishwa lakini popote atakapoangukia kazi yake ni ileile, watu. Kamanda anaamua kombania iende wapi. Huyu mwingine ndo anahakikisha inafika ikiwa na maji, ina buti, hakuna aliyelewa, hakuna aliyekufa kwa upuuzi, na kila mtu anajua zamu yake ya lindo. Na kamanda akitaka kujua askari wanasemaje haitishi mkutano, anamwita sajini meja anafunga mlango.

Wa kwetu alikuwa na kaunta buku. Lile jeusi lenye kingo nyekundu, kalifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Saa kumi na moja alfajiri kabla tarumbeta haijalia we unamkuta kashafika hanga, yani bweni letu, kasimama mlangoni, na buti zake sijui alizifanyaje maana zilikuwa hazilii. Mle kwenye kaunta buku alikuwa na kila mtu, jina, namba, kijiji, jina la mama yake, kaoa au hajaoa, saizi ya buti, anaogopa nini. Kuna jamaa alikuwa haogelei, kaandikwa mule haogelei. Kuna mwingine alikuwa anakoroma, naye kaandikwa, asipangwe na wenzake kwenye handaki la kuvizia.

Siku moja tumetembea na mzigo mgongoni kilomita 30 na ushee, jua la kukaanga, tumefika usiku kila mtu anataka kujitupa chini. Akaja na chemli, "Viatu chini, soksi chini." Mtu mzima yule, anatuzidi umri wote, akapiga goti mbele ya kila mmoja wetu anashika mguu anaugeuza anaangalia wayo kwenye mwanga wa chemli, malengelenge yale anayatoboa kwa sindano aliyoichoma moto kwanza, anapaka dawa, anakwenda kwa mwingine. Mmoja akaficha mguu, akasema, "Mi niko sawa afande." Akamwambia, "Mguu huu wa serikali, we umeazimwa tu, lete hapa." Tukacheka mpaka uchovu ukatutoka. Mguu wenyewe ulikuwa umechubuka ngozi yote ya kisigino, angetembea nao kesho yake tungembeba.

Sasa hiyo habari ya mti.

Tuliletewa luteni mpya, kijana safi, pasi imenyooka, katoka Monduli juzi. Tuko porini kwenye zoezi, jioni, akachagua pa kulala platuni yetu, korongo kavu lenye mchanga mlaini mweupe, pamejificha, hakuna upepo, na kwa kweli hata sisi tulipapenda. Tukaanza kufungua mizigo. Sajini meja akaja kukagua, akasimama, akaangalia huku na huku, akaenda kwa luteni, akapiga saluti ile ya kukata upepo, akasema, "Afande, nakuomba pembeni kidogo." Wakaenda nyuma ya mti mmoja mkubwa pale ukingoni, dakika mbili hazikuisha wakarudi, luteni akatangaza, "Nimebadili mawazo, tunahamia pale juu kwenye vichuguu." Tukanung'unika, tukahama, kule juu mawe matupu. Usiku saa nane mvua wala haikunyesha kwetu, ilinyesha huko milimani, tukasikia mngurumo kama treni, asubuhi kutazama, korongo lote maji mekundu na magogo yanapita.

Asubuhi ile askari wote tunamsifia luteni, huyu kijana ana jicho, huyu anajua kazi. Na sajini meja anapita katikati yetu anasema, "Afande wenu ana akili sana huyu, mshikeni." Na sisi tungekufa tunajua hivo, isipokuwa huyu mwenzangu wa chini ya mwembe alikuwa amekwenda haja nyuma ya kichaka karibu na ule mti, akasikia maneno yote. Mzee alimwambia hivi, "Afande, mchanga ni mzuri sana huu, hata mi ningechagua hapa. Ila huu mti angalia matawi yake, haya majani makavu na vijiti vimenasa usawa wa kifua changu hapa, nani kavipandisha?" Basi. Hakusema hapa hapafai. Hakusema umekosea. Kamwonyesha takataka za mafuriko kwenye matawi kamwachia aamue mwenyewe, maana luteni akiaibishwa mbele ya askari wake siku ya kwanza hatasikilizwa tena siku ya risasi, na luteni asiposikilizwa watakufa watu 30. Yule luteni baadae nasikia alifika mbali sana. Na alipokuwa anazungumza na sajini meja, nyota zake zote begani, alikuwa anaweka mikono nyuma kama mtoto anayeongea na baba mkwe.

Huo ndo mchezo wenyewe, bwana Mhariri. Kwa cheo, yule kijana wa miaka 23 ni mkubwa, anapigiwa saluti na mzee wa miaka 40 na kitu aliyeona vita vya Kagera. Mzee anaipiga saluti kwa moyo mmoja, haoni haya, maana anajua anaisalimu kamisheni ya nchi, na kijana kama ana akili anaipokea kwa adabu, anajua anayemsalimu ndo anamfundisha kazi.

Mimi mwenyewe alinipa adhabu. Nilikwenda likizo kwetu Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, mama mgonjwa, siku ya kurudi pantoni limekufa, siku mbili nzima limelala upande wa pili, wa Pangani wanatuangalia na sisi tunawaangalia. Nimefika kambini nimechelewa siku mbili, na wakati huo nina V moja tu mpya kabisa inang'aa. Kisheria angenipeleka mbele ya kamanda na V ile ingetoka. Akaniita nje, akanitukana kidogo, akaniambia fatiki siku tatu, vyoo vyote vya kombania, na nisimweleze kitu mpaka nimalize. Nikaosha. Siku ya nne ananiita ofisini, "Kaa. Haya sema." Nikasema, mama mguu umevimba, pantoni. Akafungua kaunta buku akaandika. Akauliza kama pantoni liliharibika mbona sikwenda posta Pangani kupiga simu kambini, nikakaa kimya maana ni kweli sikuwaza, posta ilikuwa ng'ambo lakini mitumbwi ipo. Akasema, "Hizo siku tatu ni za simu, siyo za pantoni." Sijasahau mpaka leo. Alafu miezi kama sita imepita, tuko kwenye foleni ya chakula nimeshika mestini yangu, akapita nyuma yangu bila kusimama, "Mama mguu unaendeleaje?"

Watu mia na ushee wote wale.

Nimekuja kujua baadae kwamba hii ya daftari siyo ya kwetu peke yetu. Marekani kule, sajini mkuu wa kombania wanamwita first sergeant, alama yake ni V tatu na mikunjo mitatu chini na almasi katikati, na kazi yake iliandikwa tangu mwaka 1779 na yule Mjerumani von Steuben aliyekwenda kulifundisha jeshi la Washington. Aliandika kwamba sajini wa kwanza ashike kitabu cha kombania chenye majina ya watu, umri, kimo, walikozaliwa na walichokuwa wakifanya kabla, ajue tabia ya kila askari, na asiende zamu yoyote isipokuwa kombania nzima inakwenda, ili wakati wowote akitafutwa awepo. Na Wajerumani wenyewe mpaka leo sajini wa namna hii wanamwita mama wa kombania, baba akiwa kamanda, na anavaa kamba ya njano begani wamjue. Mama wa kombania! Nilivyosoma hivo nilicheka peke yangu kibandani hadi mteja akadhani nimechanganyikiwa, maana yule wetu tungemwambia we ndo mama yetu tungeosha vyoo mwaka mzima.

Na sisi watu wa Tanga hatukupaswa kufundishwa haya na mtu. Huku ndo yalikoanzia. Mwaka 1889 kamanda wa Kijerumani Wissmann alipokuja kumpiga Abushiri, alishusha pwani hii mamia ya askari wa Kisudani aliowachukua Misri, na wale walikuja na vyeo vyao vya Kituruki, ombasha, shaushi, bashaushi. Ombasha kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi, yani koplo wa sekisheni kabisa, na shaushi ni sajini. Bibi yangu ukijifanya mjuaji nyumbani alikuwa anakwambia, "Haya ombasha, kaa chini." Na hili neno "afande" tunalolitumia kila siku, hadi trafiki akikusimamisha pale Chumbageni unamwita afande, nalo ni efendi ya Kituruki lilelile, Wajerumani walimpa Mwafrika wa cheo cha juu kabisa aliyekuwa chini ya Mzungu. Wajerumani wakawa na kombania zao, Mwafrika 160 mpaka 200, Mzungu hawazidi 20, na hao 20 wakiugua malaria nani anabaki? Ombasha na shaushi. Novemba 1914 Waingereza walipoleta watu kama 8,000 kutoka Bara Hindi kuja kuiteka Tanga, waliowapokea hapa ni askari wa Wajerumani kama 1,000 tu, na kila mtu anapenda kusimulia nyuki, nyuki, ati nyuki ndo waliopiga vita. Nyuki walikuwepo, waliuma pande zote mbili. Lakini askari wanaorudi nyuma mitaani halafu wakajipanga tena wakarudi mbele, hao hawakupangwa na nyuki. Kamanda wao Lettow-Vorbeck jina lake limebaki vitabuni, ombasha hata mmoja simjui kwa jina, na makaburi tunapita na baiskeli kila siku.

Sasa nisije nikaonekana napaka rangi. Cheo hiki kina meno, na meno yanauma upande wowote. Tarehe 20 Januari 1964 jeshi letu la wakati ule, Tanganyika Rifles, liliasi pale kambi ya Colito, Dar, na walioongoza walikuwa masajini. Maafisa wengi walikuwa Waingereza bado, mishahara midogo, uhuru umeshapatikana miaka miwili na juu bado ni walewale. Kombania hazikuuliza sana, zilimfuata aliyekuwa analala nazo. Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza warudi kuzima, kitu ambacho kilimuuma, jeshi likavunjwa lote, na tarehe 1 Septemba 1964 ndo ikazaliwa JWTZ upya. Kwa hiyo anayesema sajini ni "tu" aangalie nini kilitokea siku masajini walipoamua vinginevyo. Na upande wa pili wa ziwa, Amin naye alikuwa sajini wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Waingereza wakampa uafande mwaka 1959, 1961 wakampa nyota, 1971 akajipa nchi, na 1978 ndo akaja Kagera. Hapo mzee wetu alikuwa akisema, "Kosa siyo usajini wake. Kosa walimtoa kwenye usajini."

Nampenda kwa neno hilo. Yeye mwenyewe aliwahi kuulizwa kama anataka kozi ya kupata nyota akasema hapana, hakusema kwa unyenyekevu wala nini, alisema nikienda kule nani atawaangalia hawa. Kwa hiyo "hakubahatika kupanda" siyo kweli hata kidogo, aliyeandika wasifu angeuliza mtu.

Vitani kazi yake inabadilika. Watu wanadhani sajini meja vitani yuko mbele anapiga kelele songa songa, kumbe yuko nyuma kidogo ya platuni na kazi zake tatu. Risasi zisiishe mbele, majeruhi warudi nyuma, na mateka washikwe vizuri wasipigwe. Hii ya tatu vijana hawaijui. Mzee wetu Kagera alikuwa bado koplo, hakupenda kusimulia, lakini alisema sajini meja wake alisimama mbele ya mateka wawili wa Amin na bunduki imeelekezwa chini, akawaambia askari wake waliokuwa na hasira ya ndugu zao waliochinjwa, "Atakayemgusa aanze na mimi." Hakuna aliyeanza. Unaona, hapo hakuna cheo cha karatasi, pale ni kaunta buku linafanya kazi, kila mtu pale alijua huyu mzee anajua jina la mama yangu.

Na wabaya wapo, nisidanganye. Nimewaona wengine katika miaka yangu, mmoja aligeuza askari vibarua wa shamba lake la mahindi, jumamosi zote mnalima, na mwingine sukari ya kombania ilikuwa inapungua kimiujiza kila mwisho wa mwezi yeye na sajinitaji wake wa stoo wakishirikiana. Kombania ya mtu wa namna hiyo unaijua kwa pua, ukiingia tu hanga linanuka, watu wanaibiana soksi, pasi za kutoka zinauzwa. Meja anaweza kuwa mzuri kama malaika haisaidii, maana meja halali hanga. Ndo ninachosema siku zote, ukitaka kujua kombania angalia vyoo na masufuria, huko kamanda hafiki kila siku.

Kwenu gazetini nina ombi dogo. Mkipiga picha askari kwenye sherehe za mashujaa au wakigawa chakula cha mafuriko msiandike chini "maafisa wa jeshi" kila aliyevaa kombati. Angalia begani na mkononi. Aliye na V mkononi siyo afisa, ni koplo au sajini, na afisa mteule naye pamoja na jina lake siyo afisa wa kamisheni, ni mtu aliyeteuliwa kutoka chini. Hata wao wenyewe mkiwaita maafisa hawafurahi mnavyodhani. Na siku moja mtumeni mwandishi wenu, badala ya kwenda kumhoji kanali, aombe ruhusa akae siku mbili na sajini meja mmoja, saa kumi na moja alfajiri mpaka taa zinazimwa. Atarudi amechoka.

Halafu kuna hili la mwisho ndo lililonifanya nikae niandike. Ijumaa iliyopita binti wa marehemu alinipigia simu, wanajengea kaburi, fundi anataka maneno ya kuchonga kwenye marumaru. Akasema wamepanga waandike jina, tarehe, na "Mtumishi wa Mungu," akaniuliza jeshini waandike nini, "afisa mteule" au waache. Nikamwambia andika SAJINI MEJA WA KOMBANIA. Akakaa kimya kidogo akasema fundi anahesabu herufi, kila herufi ina bei yake, na hizo ni nyingi. Nikamwambia fundi aandike, za ziada nitamlipa mimi. Jioni yule mwenzangu wa chini ya mwembe kapita kibandani kupuliza tairi, nikamweleza, akatoa hela mfukoni akaiweka kwenye sanduku la spana akasema hiyo ni ya neno KOMBANIA, we lipa SAJINI MEJA.

Wako msomaji,
Koplo mstaafu,
Ngamiani, Tanga.